Bi Chembe Anajibu: "Mahindi Yangu Yanaruka Kama Bisi"

Haya wapenzi wasomaji, hamjambo. Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi mpaka nikawa nazisomea barazani jioni, kahawa mkononi na kashata pembeni, mpwa wangu ananiuliza shangazi hivi hizo punje watu wanazokulilia ni za nini. Nikamwambia ni punje za kwenye kompyuta. Akacheka, akaenda zake kucheza mpira barabara ya nyuma.

Kwa mgeni wa kona hii, kwa kifupi tu: tunaongelea simulesheni za vitu vya chembechembe, mahindi, mchanga, chumvi, kokoto, ambapo kompyuta inaifuata kila punje peke yake, inaangalia nani kamgusa nani, inapiga hesabu ya nguvu kwenye kila mgusano, inaisogeza kila punje kidogo sana, halafu inarudia, mara milioni na zaidi. Wenyewe wanaiita DEM, kifupi cha Discrete Element Method. Cundall na Strack waliichapisha mwaka 1979, tena wao walitumia visahani bapa tu vinavyogongana, mipira bado, na msingi mpaka leo ndo uleule. Haya tuingie kazini.

*Shikamoo Bi Chembe. Mie mwanafunzi wa mwaka wa nne, nipo likizo nyumbani Makorora, Tanga, mradi wangu ni hopa, ile faneli kubwa ya kujazia mahindi kwenye magunia. Natumia programu ya DEM iitwayo LIGGGHTS. Punje nimeweka za duara, nusukipenyo milimita 4, jumla elfu 20, moduli ya Young, yaani ugumu wa punje, nimeweka paskali bilioni 1. Nikiwasha tu, sekunde moja haijafika, punje zinalipuka zinaruka kila upande kama bisi, nyingine zinatoweka, mwisho programu inaniandikia punje zimepotea na inajizima. Nimepunguza msuguano, nimeongeza msuguano, nimeazima laptopu ya binamu yangu, bado. Hatua ya muda nimeweka sekunde 0.0001 kama nilivyoikuta kwenye mfano fulani. — Bisi Zimenichosha*

Marahaba mwanangu, na pole. Laptopu ya binamu mrudishie, haina kosa. Mchawi wako umemtaja mwenyewe mstari wa mwisho, tena umemtaja kama mtu anayepita njia.

Sikiliza. Kwenye kompyuta punje mbili hazigusani kama punje za kweli. Zinaruhusiwa kuzamiana kidogo, na kadiri zinavyozamiana ndo zinavyosukumana kwa nguvu zaidi, kama vile kati yao kuna springi. Sasa kompyuta haioni muda unavyopita, inaona picha moja, halafu picha nyingine baada ya hatua ya muda. Hatua ikiwa ndefu, picha ya kwanza punje hazijagusana, picha ya pili moja ishazama tumboni mwa mwenzake, basi springi imebanwa kupita kiasi, inampiga teke, anaruka kwa kasi ambayo hakuwa nayo, na huko aendako naye anamzamia mwingine vilevile. Hiyo nguvu haijatoka kwenye mvutano wa dunia wala popote, imezaliwa na hesabu. Ndo bisi zako hizo.

Kikomo chake kinajulikana, wanakiita muda wa Rayleigh, yaani muda ambao mtikisiko unapita juu ya uso wa punje. Unakipata hivi: chukua pai mara nusukipenyo, zidisha na kipeuo cha pili cha uzito wiani ukigawa kwa moduli ya kukata (ugumu wa punje ikisukumwa kwa ubavu), yaani mzizi wa mraba, sio kuzidisha yenyewe kwa yenyewe (nimewaona wanaochanganya hapa), halafu gawa kwa jibu la 0.1631 mara uwiano wa Poisson (kitu kikibanwa kinatanuka pembeni kiasi gani), lililojumlishwa na 0.8766. Kwa mahindi yako, tuseme uzito wiani kilo 1250 kwa mita ya ujazo na Poisson 0.3, moduli ya kukata inatoka kama paskali milioni 385, na kikomo kinakuja kama sekunde 0.0000245. Wewe umeweka 0.0001. Mara nne ya kikomo! Na watu makini hawaendi hata kwenye kikomo chenyewe, wanachukua asilimia 10 mpaka 30 yake. Ukichukua 20 unapata kama maikrosekunde 5, yaani kutiririsha mahindi kwa sekunde 10 unahitaji hatua milioni 2. Na kama punje zako hazilingani, hesabu hii ipigwe kwa ile ndogo kuliko zote, sio kwa wastani, maana ndogo ndo inayolipuka kwanza.

Najua utasema Bi Chembe milioni 2 nitamaliza lini. Kuna njia, na ni ya halali: punguza moduli mara 100. Kwa kuwa iko ndani ya mzizi, hatua inaongezeka mara 10, milioni 2 inakuwa laki 2. Mahindi yanayomiminika kwa uzito wake tu hayajali sana kama punje ni ngumu kiasi gani, almuradi usikute zimezamiana sana, mie nikiona zaidi ya asilimia 1 ya kipenyo naanza kukunja uso. Ila kama unachotafuta ni mgongano wa nguvu, au mawimbi ya sauti yanavyopita ndani ya rundo, au punje kuvunjika, hapo usiguse ugumu, utajidanganya.

La pili, angalia unavyozizaa hizo punje. Ukizimwaga zote kwa mpigo kwenye kasanduku kadogo, nyingine zinazaliwa tayari zimo ndani ya wenzake, na hapo hata hatua iwe ndogo vipi zitalipuka kwa sababu kosa limeanza kabla ya saa kuanza kutembea. Ziweke kwa kuachana, tone kwa tone kama mvua ya rasharasha, au zizae ndogo uzikuze taratibu.

Na kabla ya kurudi kwenye elfu 20, nifanyie kitu kimoja, futa zote, bakiza punje moja. Idondoshe kutoka mita 1 juu ya sakafu. Inatakiwa iguse chini baada ya sekunde 0.45. Kama kigezo chako cha kuruka, yaani kasi ya kurudi ukigawa kwa kasi ya kugonga, ni 0.5 inatakiwa irudi juu sentimita 25, maana urefu unafuata kigezo hicho mara chenyewe. Ikirudi 40, ikirudi mita moja na ushee, usiende mbele. Watu wanaona aibu kuendesha punje moja, wanaona kama mchezo wa watoto, halafu wanakesha wiki mbili na elfu 20.

*Bi Chembe salaam. Nina karakana ndogo Mabawa, natengeneza mashine za kuchekecha mchanga kwa mafundi wa tofali. Kijana wangu amenitengenezea simulesheni lakini rundo la mchanga la kwenye kompyuta limelala mno, nyuzi 18 tu, mchanga unatambaa kama uji uliozidi maji. Mchanga gani huo? Tunaongeza msuguano mpaka 0.9, haupandi. — Fundi Chekecheke*

Kaka yangu umenichekesha na uji wako, na swali lako ndo nalipenda kuliko yote mwezi huu, vumilia nitakuwa na maneno mengi.

Punje ya mchanga si gololi. Ukiiangalia kwa lenzi ni kijiwe chenye pembe, kikikaa kimekaa, kinajishikiza kwa mwenzake. Sasa kijana wako kaweka gololi, na gololi hata uipake gundi ya msuguano, itabingirika, haitateleza lakini itabingirika, ndo maana 0.9 haikusaidii. Dawa ni kile kigezo kingine, msuguano wa kubingirika, ambacho kinaizuia punje kuzunguka ovyo. Wengi hawakigusi, kinakaa sifuri. Njia nyingine ni kugandisha gololi mbili tatu pamoja kuwa punje moja yenye umbo, ni bora zaidi ila kompyuta yako italia.

Unaweka ngapi? Hapo ndo sikupi namba, maana namba yangu ni ya mchanga wangu. Nilivyofanya mie: nilinunua ndoo moja ya mchanga kwa mwenye tripu pale karibu na kwangu Ngamiani, nikauanika juani siku nzima juu ya mkeka, nikachukua sinia kubwa ya pilau (ya mama, hajui mpaka leo), nikasimamisha kipande cha bomba la inchi 4 katikati, nikajaza mchanga kama sentimita 27, halafu nikalivuta bomba juu polepole, polepole kabisa kama unavyomtoa mtoto aliyelala mkononi. Mchanga ukamwagika ukajitengenezea kilima. Nikapima, kwenda juu sentimita 9, kutoka katikati hadi ukingoni sentimita 15. Tisa kwa kumi na tano ni 0.6, hiyo ni nyuzi 31. Nikarudia mara tano, ikawa inacheza kati ya 30 na 32. Mchanga mkavu mwingi uko humohumo, 30 na kitu.

Halafu ukafanye hivyohivyo kwenye kompyuta, bomba lilelile, urefu uleule, na kasi ileile ya kuvuta, maana ukivuta haraka rundo linalala. Unabadilisha misuguano mpaka rundo lifanane.

Sasa hapa ndo wengi wanaangukia. Utapata nyuzi 31 kwa msuguano 0.4 na wa kubingirika mkubwa, na utapata nyuzi 31 hiyohiyo kwa msuguano 0.7 na wa kubingirika mdogo. Zote zinafanana kwenye picha, zote mbili ukizipeleka kwenye chekecheke zinatoa majibu tofauti. Kipimo kimoja hakitoshi kukamata vigezo viwili, ni kama kumtambua mtu kwa kanzu. Ongeza kipimo cha pili cha tabia nyingine: chukua ndoo itoboe chini, pima sekunde inachukua kumwagika yote, au jaza debe upime uzito ujue mchanga unajipanga kwa kubanana kiasi gani. Vigezo vinavyopita mtihani wa sinia na mtihani wa ndoo kwa pamoja, hao ndo wako.

Na umesema mchanga wa tofali. Ni mkavu kweli? Kama unatoka mtoni una unyevu, basi rundo linaweza kusimama nyuzi 40 na zaidi, hata ukuta wima kidogo, kama watoto wanavyojenga nyumba za mchanga pale Raskazone, kwa sababu maji kati ya punje yanazivuta zishikane. Hapo msuguano wa aina yoyote hautakuokoa, unahitaji kuwasha nguvu ya kushikamana kwenye modeli. Usijaribu kuigiza unyevu kwa kuongeza msuguano, nimeona wakifanya, rundo linatoka zuri na mashine ikija kutengenezwa inaziba.

*Bi Chembe, mie naandika toka Bagamoyo, tuna mashamba ya chumvi, nataka kutengeneza hopa ya kufungashia chumvi. Nimechora hopa vizuri kwenye programu ya michoro, nikaihamishia kama faili la STL, lile linalohifadhi umbo kwa pembetatu ndogondogo. Cha ajabu chumvi inaanguka moja kwa moja chini, hopa kama haipo, inapita kama jini. Tena punje ni ndogo mno kwenye skrini, inabidi nivute picha sana ndo nione vidoti. Kuta nimezikagua hazina tundu. — Chumvi Haishikiki*

Jini hayupo. Umesema inabidi uvute sana ndo uone vidoti, hapo tu umejijibu.

Faili la STL halibebi kizio, ndani mna namba tupu. Wewe umechora kwa milimita, hopa ya 600, programu ya chembe inahesabu kwa mita, ikasoma 600, basi ikakutengenezea hopa ya mita 600, mlima mzima, na punje zako za milimita 2 zinaangukia mahali fulani ndani ya hewa ya huo mlima bila kukutana na ukuta wowote. Wakati wa kulisoma faili, lizidishe kwa 0.001. Basi.

Na usione haya, vizio vimenitesa hata mie. Kuna mwaka nilipewa kazi ya chumvi na karakana moja, nikaandika uzito wiani 2.16 nikijua chumvi ni gramu 2.16 kwa sentimita ya ujazo, wakati kila kitu kingine nimeweka kwa kilo na mita, ilitakiwa 2160. Punje zikawa nyepesi mara elfu moja, na ukikumbuka ile hesabu ya mzizi niliyompa mwanangu wa Makorora, hatua ya muda inayofaa ikashuka kama mara 32, mie niko na hatua yangu ileile, zikalipuka. Siku tatu nilitafuta kosa kwenye kuta. Siku tatu! Namba yenyewe ilikuwa mstari wa nane wa skripti, lile faili la maagizo ya simulesheni, juu kabisa, inanitazama.

Ukisharekebisha ukubwa, ukaona sasa zinakaa lakini chache bado zinapenya, moja moja, hapo ni jambo lingine. Aidha pembetatu za ukuta hazijaungana vizuri kwenye kona, au umelainisha punje mno mpaka zile za chini, zikibebeshwa uzito wa zote za juu, zinazama ukutani hadi kitovu kikavuka upande wa pili, na kitovu kikishavuka ukuta unaisukuma nje badala ya ndani. Ongeza ugumu kidogo, punguza hatua. Halafu chumvi ya pwani, weye wajua, ikilala usiku mmoja na umande inashikana, kwa hiyo yale niliyomwambia Fundi Chekecheke kuhusu unyevu yanakuhusu kuliko yeye.

*Shikamoo. Mimi ni injinia kijana, niko Pongwe. Nimesimulisha sailo ya mahindi yenye kipenyo sentimita 50. Nikijaza mita 2 shinikizo la chini ni kama kilopaskali 4.4. Nikajaza mita 4, mara mbili ya mwanzo, shinikizo likawa 4.6. Uzito mwingine wote umekwenda wapi? Nahisi programu ina kasoro, naomba unishauri nitumie ipi nyingine. — Uzito Umeliwa*

Marahaba. Usibadilishe programu! Wewe ndo mtu pekee mwezi huu ambaye simulesheni yake iko sawa na hajui.

Ingekuwa kimiminika chenye uzito uleule, tuseme kilo 750 kwa mita ya ujazo, mita 2 ingekupa kilopaskali 14.7 na mita 4 ingekupa 29.4. Lakini nafaka si maji. Punje zinasukuma kuta kwa pembeni, kuta zinazishika kwa msuguano, kwa hiyo ukuta unabeba sehemu ya mzigo, na kadiri unavyojaza ndo ukuta unavyobeba zaidi mpaka inafika mahali kila gunia unaloongeza juu linabebwa karibu lote na ukuta. Mjerumani aitwaye Janssen aliliandika hilo mwaka 1895 kwa kupima nafaka ndani ya sailo za mfano, na fomula yake, nikiweka msuguano wa ukuta 0.4 na uwiano wa shinikizo la pembeni kwa la wima 0.5, inanipa 4.4 kwa mita 2 na 4.6 kwa mita 4. Namba zako kabisa.

Uone kwa macho: chukua mizani ya jikoni, kipande cha bomba jembamba, lifunge kwenye mguu wa kiti liwe linaning'inia juu ya mizani, karibu liguse lakini lisiguse, halafu mimina mchele kikombe baada ya kikombe. Mizani itapanda, itapanda, halafu itaanza kusita wakati wewe bado unamimina. Mama wa nyumbani alinisimamia nyuma akidhani nimeharibu mizani.

Ila usimwamini Janssen kwa upofu pia. Mzigo ukitulia, jumlisha nguvu zote za wima, za sakafu na za kuta, lazima ziwe sawa na uzito wa punje zote. Ikipungua, hapo kweli kuna kitu kimekula, na mara nyingi utakuta punje zimetoroka au bado zinatikisika. Na ukifungua mlango wa chini, shinikizo la kutani linaweza kuruka juu kuliko lile la kutulia, sailo nyingi zilizowahi kupasuka zilipasuka wakati wa kumwaga, kwa hiyo bati lako usilipimie kwa 4.6 peke yake.

*Bi Chembe, nina punje laki 5 na laptopu ya kawaida, inasema siku 40. Naweza kuzifanya punje kubwa mara mbili ili ziwe chache? Mlango wa hopa ni milimita 60, punje ni milimita 8. — Feni Inalia, Chumbageni*

Unaweza, faida yake ni kubwa kweli, zitakuwa chache mara 8, laki 5 inabaki elfu 62 na nusu, na hatua inakuwa ndefu mara mbili, kwa hiyo siku 40 zinageuka siku mbili na nusu hivi. Lakini angalia mlango wako. Fomula ya Beverloo na wenzake ya mwaka 1961 inasema mtiririko haufuati upana wote wa mlango, unatoa kwanza kama mara 1.4 ya kipenyo cha punje, maana ukingoni punje hazipiti vizuri, halafu kinachobaki unakipandisha kwa nguvu ya 2.5. Kwa punje za 8 unabakiwa na milimita 48.8. Kwa punje za 16 unabakiwa na 37.6. Ukipiga hesabu mtiririko unashuka hadi asilimia 52, nusu nzima imekwenda, na si kwa sababu ya mahindi ni kwa sababu yako. Tena mlango wa 60 kwa punje za 16 haufiki hata punje nne, unaweza kuziba kabisa, punje zikajijengea tao kama la mlango wa msikiti.

Kama unachotaka ni kujua sailo ikijaa inabebaje, kuza tu. Kama unachotaka ni kasi ya kumwaga, usikuze. Kata hopa badala yake, simulisha kipande cha robo, au punguza moduli kama nilivyoeleza juu. Na feni ipulize vumbi, kaka, Tanga hii na chumvi ya bahari.

Nimebakiza nafasi kidogo, hizi nazijibu mbiombio.

Aliyeuliza kwa nini punje zake hazitulii, dakika nzima zinatetemeka kama zina homa: angalia kigezo cha kuruka, nadhani kimekaa 1, yaani kila mgongano unarudisha nguvu yote, hakuna kinachopotea, zitulie vipi. Na aliyeweka sifuri kabisa akapata makosa ya ajabu, ni kwa sababu hesabu ya kufifisha inachukua logi ya hiyo namba, na logi ya sifuri haipo, weka hata 0.1.

Aliyesema punje zinapitana ghafla katikati ya safari bila kugongana, halafu zinarudi kuwa na akili: orodha ya majirani. Kompyuta haikagui kila punje na kila punje, ingekesha, inakagua waliomo kwenye orodha ya jirani tu, na orodha inafanywa upya kila baada ya hatua kadhaa. Punje zako zina kasi, zinaingia mtaani kabla orodha haijafanywa upya, hakuna anayezijua. Panua eneo la ujirani au ifanye upya mara kwa mara zaidi.

Na dada wa Duga aliyeendesha faili moja kwenye mashine mbili, ya ofisini yenye kora 16 (vichakato vinavyogawana hesabu) na ya nyumbani yenye kora 4, akapata punje namba 312 iko kushoto kwenye moja na kulia kwenye nyingine, sasa anaogopa kumpelekea bosi. Mpelekee shoga yangu. Kora zikiwa nyingi namba zinajumlishwa kwa mpangilio tofauti, desimali ya mwisho kabisa inatofautiana kidogo, na kwenye rundo la punje tofauti hiyo inakua kwa kila mgongano mpaka punje moja inakwenda njia yake. Usilinganishe punje namba 312, linganisha vitu vya jumla, kilo kwa sekunde, nyuzi za rundo, shinikizo la ukuta. Endesha mara tano ukibadilisha tu jinsi punje zinavyomwagwa mwanzoni, uone hizo namba zinacheza kiasi gani, halafu bosi mpe wastani pamoja na huo mchezo wake. Kama ofisini na nyumbani zinatofautiana kwa kilo nyingi kuliko huo mchezo, hapo niandikie tena, na safari hii niambatishie skripti, mistari ya juu kabisa hasa.